Ulimi wa Mwanzi

Wanasema kizuri chajiuza.
Basi hawajafika dukani kwangu, Wadi Kabir,
nyuma ya wauza tairi,
ambako kizuri kilikaa miaka minane chini ya kaunta
ndani ya boksi la maziwa ya unga
nami nikiliegemezea mguu.

Kaseti kumi na moja. Mteja alizileta
pamoja na redio mbovu; redio akaichukua,
hizi, akasema, tupa.
Sikutupa. Aliyelelewa na bibi wa Wete
hatupi hata kifuniko cha chupa.

Mwezi wa nane, mchana, umeme umekatika mtaa mzima,
kiyoyozi kimenyamaza na bado kinadondoka.
Nikatia betri, nikachomeka ya kwanza.
Kwa kalamu ya buluu: Alhamisi, ukumbi wa chini.
Jina hakuna.

Sahani. Mtu akakohoa. Ngoma ya brashi
kama mtu anayefagia mchanga kwenye saruji.
Kisha klarineti.

Sijui nikwambieje.
Ilianzia chini, kwenye sauti ya mbao yenyewe,
nzito, kama mtu aliyeamshwa na simu
na bado hajaamua kukasirika.
Ikapanda bila ngazi.
Pale ambapo wengine hupiga kelele
yenyewe ikanong'ona.
Chai yangu ya karaki ikaota ngozi.

Wakubwa wa jazi nawajua, wale wa picha ukutani.
Huyu hakuwa mmoja wao.
Huyu alivuta pumzi katikati ya sentensi, pahala pabaya,
kisha akaigeuza pumzi ile kuwa sababu.

Nikauliza wiki tano. Hoteli ilishavunjwa, ni maegesho.
Mpishi mstaafu akanielekeza kwa dobi,
dobi kwa mzee wa bendi ya polisi, naye:
Mtafute Marhuni. Anashona viti vya magari.
Hatua mia mbili kutoka kwangu!
Miaka yote nampita nikienda kununua mkate.

"Klarineti? Niliuza," akasema,
Kiswahili cha Unguja kilichokauka kidogo juani,
sindano mdomoni. "Nikanunua cherehani ile pale."
Nikabonyeza.
Dakika ya tatu mlio ukapasuka, kwii,
bata aliyekanyagwa,
akacheka mpaka sindano ikaanguka.
"Huyo ndiye mimi!"
Na huyu anayenong'ona huku juu?
Akanitazama. Mikono ikashuka.
"Kumbe umemsikia."

Walikuwa wawili.
Masikio yangu, yanayojua waya uliolegea kwa mkoromo wake,
yaliwavisha watu wawili kanzu moja.

"Anselmo Furtado, wa Goa. Mchana karani bandarini.
Hakujua Kiswahili, mimi Kikonkani sikijui,
Kiarabu chake cha kuhesabia magunia.
Ulimi wetu ulikuwa mmoja, huu wa mwanzi;
yeye ndiye aliyenifundisha kuunyoa kwa wembe.
Rudisha. Sikiliza alivyofanya nilipokosea."

Nikarudisha. Kwii.
Na hapohapo, kando yake,
yule mwingine akaupiga mlio uleule, makusudi,
vibaya vilevile,
akaurudia, akaukunja, akaupa mkia,
hata mtu mmoja ukumbini akapiga makofi peke yake
akidhani ndivyo ulivyotungwa.

Yuko wapi?
"Alirudi kwao mwaka wa ile mvua kubwa.
Hakuandika. Wala mimi."
Akapiga magoti kutafuta sindano,
akakawia huko chini kuliko sindano inavyohitaji.

Nikatoa kalamu, kaseti nimeishika mkononi.
"Andika lake kwanza," akasema kutoka sakafuni.
Nikaandika.
"Langu kwa herufi ndogo."
Pikipiki ikapita. Umeme ukarudi, cherehani ikaruka mshono mmoja.
"Lakini liandike."